Mita Kumi na Nne Kutoka Ukingoni

Lipingo,
30 Novemba 2023

Mwanangu Gaudiosa,

Tumsifu Yesu Kristo. Kabla ya yote nikuulize, unakula? Septemba ulivyoondoka shingo ilikuwa imebaki mifupa, nikajiuliza huko chuoni Dar es Salaam wanasoma au wanafunga. Mimi mzima, goti la kushoto tu ndilo linanitangazia mvua kabla haijafika.

Leo nimepima kama ulivyonielekeza. Nimefunga futi ya kamba kwenye ile nondo uliyoipigilia pembeni mwa ukuta wa nyumba, nikaivuta mpaka ukingoni, halafu nikalala kifudifudi ili nisiende na udongo huko chini ziwani. Mita kumi na nne na sentimita ishirini. Nikavuka ua nikapima nondo ya jirani yetu Egidi, kumi na moja na sentimita tano. Egidi alinikuta nimelala pale akaniambia, Mama Gaudi, unamsikiliza nani huko chini? Nikamjibu naliuliza ziwa linakuja kwako lini nikutangulizie salamu. Akacheka lakini alisogea nyuma kidogo, nilimwona.

Umesema mwalimu wako anataka namba ziwe kwenye karatasi, na tarehe, na sahihi. Ndiyo hizi. Kwangu afadhali barua, maana simu hapa mpaka upande kwenye jiwe, na pale jiweni utakachomwambia mtoto wako kitafika nyumbani kabla yako. Barua nampa dereva wa basi, anamfikishia mjomba wako Romanus pale Mbinga, yeye anaitia posta. Mwandiko uuvumilie. Darasa la nne ndilo nililoishia.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kile kipande kati ya nyumba na ukingo nimechimba ngolo chote, yale mashimo ya kwetu ya kushika maji na udongo. Nyanya yako kule kwetu Umatengo alilima mlima uliosimama kama ukuta, na udongo wake haukwenda popote, kwa sababu ya ngolo. Najua kwa desturi ni mwezi wa tatu, kwa ajili ya maharage, na najua kulaza zile nyasi mraba kwa mraba ni kazi ya wanaume, wanawake tunachimba shimo katikati na kufukia. Mwanaume hayupo, nimelaza mwenyewe. Mashimo arobaini na mawili. Baba yako mkubwa Nazari alipita akasimama, mikono nyuma, akasema, "Shemeji, hapa siyo Umatengo." Nikamwambia udongo haujui kabila.

Tuone sasa kama ziwa litachukua.

Lala kwenye chandarua.

Mama yako.


Dar es Salaam,
14 Januari 2024

Mama,

Shikamoo. Nakula, mama. Nimenenepa mpaka sketi ya bluu haifungi, usihangaike.

Namba zako zimefika na mwalimu wangu, Dokta Wilfred, amezibandika ukutani ofisini. Anasema kwenye mradi mzima hakuna mpimaji mwenye mwandiko unaosomeka kama wako, kwa hiyo yale ya darasa la nne tuyaache.

Uliniuliza nilipokuwa huko hizi namba zinafanya nini na nikakujibu haraka haraka. Ngoja nijibu vizuri. Tunaangalia ukingo umerudi nyuma kiasi gani kila mwaka. Halafu tunaangalia ziwa, maana kina chake kinapanda na kushuka, lakini miaka hii kinapanda zaidi ya kinavyoshuka, na maji yakiwa juu mawimbi yanapiga chini ya ukuta wa udongo yanachimba. Tunauliza: ziwa likipanda nusu mita, ukingo utafika wapi? Likipanda mita moja? Tunachora mistari kwenye ramani, mmoja wa mwaka 2030, mwingine wa 2050, mwingine wa 2070. Nyumba itakayokuwa upande wa ziwa wa mstari wa 2050, serikali ya kijiji itaiwekea alama, na mwenyewe atatakiwa kuhama.

Nakwambia mapema kwa sababu sitaki uje usikie kwa mtu. Nyumba yetu ni ya mbele kabisa, mama. Mjomba Romanus amesema chumba kipo, na kahawa yake inahitaji mtu wa kuisimamia. Mbinga kuna hospitali karibu, kuna umeme. Ufikirie tu. Na tafadhali hama chumba cha upande wa ziwa, lala cha barabarani.

Wako,
Gaudiosa


Lipingo,
29 Februari 2024

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba. Barua yako imekaa mfukoni mwangu tangu Kwaresima ianze, nikiisoma na kuirudisha.

Chumba nimehama. Hilo nimekutii. La Mbinga sikutii.

Hukuwa na akili bado siku ile, ulikuwa mgongoni, kwa hiyo nikusimulie mimi. Baba yako Alphonce tulimzika Jumanne. Ijumaa baba yako mkubwa Nazari akaja na wazee wa ukoo wawili, wakakaa, nikawapa maji. Akasema shemeji, ziwa hulijui, kuogelea hujui, kuanika usipa, hawa dagaa wetu, umejifunzia ukubwani, ndugu yako Romanus yupo na ana shamba, rudi kwenu mlimani, mtoto tutamtazama sisi. Akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonea huruma. Mimi nikasema nimesikia. Jumatatu nikaanza kufyatua tofali. Nilifyatua wewe ukiwa mgongoni, nikachoma tanuri mwenyewe, nikajenga kwenye kipande hiki cha mbele kwa sababu ndicho pekee baba yako alichopewa, huko juu ya njia kote ni kwa ukoo. Kila mwaka tangu hapo Nazari anasubiri nishindwe. Hajawahi kunitukana, mwanangu. Anasubiri tu. Sasa nije nimpe hiyo raha kwa sababu ya mstari?

Nimepima. Mvua za mwezi huu zilikuwa kubwa na ziwa lilikuwa linatafuna usiku na mchana. Kwa Egidi mita tisa na sentimita tisini, pole yake. Kwangu mita kumi na nne na sentimita kumi.

Hiyo alama ya kijiji, mtu akisema simo ndani ya mstari hawaiweki, sivyo? Nauliza tu nijue.

Chandarua.

Mama yako.


Dar es Salaam,
2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Kaa kwanza ndiyo usome.

Namba zako za Mei zimefika. Kwa Egidi ukingo umerudi karibu mita mbili tangu Novemba. Kwako, hatua ishirini tu kutoka kwake, udongo ule ule, mawimbi yale yale, sentimita kumi na tano. Mama, sentimita kumi na tano! Nilidhani nimekosea kuandika. Nikapiga hesabu mara tatu. Dokta Wilfred akaniuliza, kuna nini kwa mama yako ambacho kwa jirani hakipo? Nikamwambia ngolo.

Akacheka peke yake. Watu wanaleta mawe kwa malori, wanamwaga zege ufukweni, na mwanamke mmoja wa Kimatengo ameshikilia ukingo kwa jembe na nyasi. Anataka tuandike hilo. Jina lako litakuwemo.

Tumechora ramani ya awali tukichukulia kwamba kitongoji chote kitachimba ngolo kama zako, na imeshatumwa kijijini. Mstari wa 2050 unapita mbele ya nyumba yetu. Umebaki salama, mama. Baba mkubwa naye yu salama, yuko mbali nyuma kabisa. Egidi nimempigia simu nikamwelekeza achimbe kabla ya mvua zijazo, na amekubali.

Nilikukosea niliposema Mbinga. Ulijua kuliko sisi.

Wako anayejivuna,
Gaudiosa


Lipingo,
7 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nafurahi ukifurahi.

Mjomba wako ametuma maharage debe, nimepika na mafuta ya karanga. Dada yule Beata wa kwaya ameolewa Liparamba, sare ya kitenge ilikuwa ya kijani, mimi kijani hakinipendezi lakini nilivaa.

Huyo Egidi asiharakishe. Amekuja kuniuliza nyasi zinalazwaje, nimemwambia asubiri kwanza, ngolo ni kazi ya kujifunza miaka. Akasema mtoto wako ndiye ameniagiza, wewe unaninyima nini?

Ninachouliza, hiyo tofauti haiwezi kuwa ni kitu kingine? Mawe labda. Chini ya kwangu kuna jiwe. Na mwalimu asiandike jina langu bado, mimi siyo mtu wa kuandikwa.

Nimeona nikiwa ufukweni naanua usipa, ule ukuta wa udongo upande wangu unatoa maji katikati, kama jasho. Mvua zimeisha siku nyingi lakini bado unatoa. Sijui kama lina maana kwenu. Namba za Juni zile zile.

Mama yako.


Dar es Salaam,
25 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia mbio, kesho kutwa nasimama mbele ya watu mia mbili kueleza ngolo zako. Nitavaa ile sketi, nimeitanua.

Kuhusu jiwe, niliangalia picha za mwaka jana, hakuna jiwe. Mama, kubali sifa kidogo, hazichomi. Maji ya ukutani nitayauliza nikirudi kwenye vitabu. Egidi amenitumia picha, ameshachimba mashimo thelathini na ana bidii kuliko mimi.

Baba mkubwa Nazari alinipigia simu mwenyewe, kwa mara ya kwanza maishani. Amesema ramani ni nzuri sana.

Wako,
Gaudiosa


Lipingo,
20 Januari 2025

Gaudiosa mwanangu,

Sina salamu. Soma.

Jana Jumapili tukiwa kanisani ukingo umeanguka. Tulisikia tukiwa tunaimba Mtakatifu, padri akasimama na mikono juu, halafu akaendelea. Tulipotoka jiko la Egidi halipo. Jiko lote, na kichanja cha vyombo, na mbuzi wawili waliofungwa pale. Mke wake Hildegardi alikuwa amebaki nyumbani na homa, alikuwa ndani ya nyumba kubwa amelala. Angekuwa jikoni anachemsha uji ningekuwa nakuandikia habari za mazishi. Nimemkuta amekaa mlangoni anatazama mahali palipokuwa jiko lake. Hakunitazama mimi.

Haukubomoka kidogo kidogo kama siku zote. Uliondoka kipande kizima, kama mkate, na ulipokatikia ni kwenye mstari wa mashimo. Kwangu hivyo hivyo. Mashimo yote ya mbele yamekwenda, mengine nayaona huko chini majini na nyasi zake bado zimelala mraba kwa mraba.

Mwanangu, nilikudanganya.

Mwaka jana Februari niliposema kumi na nne na sentimita kumi, ilikuwa kumi na mbili na sentimita themanini. Mei ilikuwa kumi na moja na thelathini. Za Egidi niliandika kweli daima, nilidanganya za kwangu tu. Nilijiambia namba ya kwangu ni ya kwangu, itanifaa mimi na haitamdhuru mtu. Ulikuwa umeniandikia habari za alama na kuhama, na Nazari alikuwa amepita asubuhi ile ile kutazama ukingo na kutikisa kichwa kwa huruma yake. Nikaandika. Kalamu haikunikataa.

Sikujua wewe utakuja kusema ngolo ndizo zimezuia. Barua yako ya Juni niliisoma nimesimama, nikakaa. Ulikuwa na furaha kiasi kile. Nikasema nitamwambia barua ijayo. Halafu ijayo. Nilikuandikia habari za kitenge cha kijani, na Egidi alikuwa nje anachimba.

Hata zile ngolo, Julai nilishaanza kujua. Kule mlimani shimo likishika maji, maji yanazama ndani ya mlima na chini yake kuna mlima mwingine. Hapa chini yake hakuna kitu, ni ukuta mtupu. Niliona unatoka jasho. Nilikuandikia kwa kukwepa kwepa nikitumaini utanigundua.

Leo nimelala kifudifudi nikapima na Egidi ameshika upande wa pili wa futi. Kwangu mita saba na sentimita arobaini. Kwake nne na kumi na tano. Ameona kwa macho yake na nimemwambia yote kabla ya kukuandikia wewe. Aliviringisha futi taratibu, akanipa, akasema, "Mama Gaudi, mimi ningekusaidia kudanganya, ungeniambia tu. Ila nisingechimba."

Hilo limeniuma kuliko tusi.

Mama yako.


Dar es Salaam,
9 Februari 2025

Mama,

Shikamoo.

Barua hii nimeiandika mara nne. Ya kwanza nilikutukana kwa adabu, ya pili kwa kukosa adabu. Zote nimezichana.

Nilisimama mbele ya watu mia mbili, mama. Nimelazimika kuwaandikia wote kwamba si kweli. Dokta Wilfred hakunigombeza. Alitoa karatasi zako ukutani moja moja akanikabidhi, na hilo ndilo lilikuwa baya. Lakini kosa si lako peke yako na nimemwambia hivyo. Ulinipa jiwe nikalikataa, ukanipa maji ya ukutani nikasema nitauliza, sikuuliza. Nilitaka sana iwe kweli. Mtu wa kazi yangu akipata namba tamu kuliko anavyotegemea, anatakiwa apande basi akaangalie. Sikupanda kwa sababu namba zilikuwa za mama yangu.

Uliyoyaona ndiyo yenyewe. Ngolo zinanywesha udongo. Shambani mlimani ni baraka. Juu ya ukuta usio na kitu mbele, udongo unalowa, unakuwa mzito, na wimbi likishachimba chini kipande chote kinaondoka. Fukieni yaliyobaki, yako na ya Egidi, yawe tambarare na maji yakimbilie pembeni. Fanyeni wiki hii.

Nimepiga hesabu upya kwa namba za kweli. Nyumba yetu, ziwa likibaki hapa lilipo, masika mawili au matatu. Likipanda zaidi, moja. Mstari wa 2050 sasa unapita nyuma ya baba mkubwa Nazari. Nyumba kumi na moja zimo ndani, na yake imo. Hata wa 2070 unaishia kabla ya njia ya juu. Ramani mpya ameshaipata mtendaji wa kijiji.

Mama, imetosha. Nimezungumza na mjomba Romanus, atatuma gari dogo Machi mwishoni lichukue vitu vyako. Usibishane, nakuomba. Siwezi kukaa huku nasubiri simu ya jiweni.

Gaudiosa


Lipingo,
23 Machi 2025

Mwanangu Gaudiosa,

Marahaba, na tumsifu Yesu Kristo, maana mara ile sikumsifu.

Gari la mjomba wako limekuja jana. Nimelipakia mihogo mikavu magunia mawili na usipa, zawadi yake, na dereva nimemlisha, nikamwambia ageuze. Usikasirike mpaka umalize kusoma.

Mashimo tumefukia. Mimi na Egidi na Hildegardi, siku tatu. Hildegardi siku ya kwanza hakusema neno na mimi. Siku ya pili akasema, jembe lako butu. Siku ya tatu akaniletea tupa.

Halafu mtendaji akaitisha mkutano wa kijiji, Alhamisi ya wiki iliyopita, akabandika ramani mbili ukutani, ya kwanza na hii mpya. Nilikaa mbele na wanawake. Nazari akasimama kabla mtendaji hajamaliza. Akasema ramani ya kwanza ndiyo halali kwa sababu ililetwa na wataalamu, hii ya pili imekuja baada ya watu kuogopa, na mtu hahami kwa hofu. Watu wakaitikia, maana nani anataka kuhama? Nikamtazama, mwanangu, nikamwelewa kabisa. Alikuwa pale pale nilipokuwa mimi Februari ya mwaka jana, ameshika namba tamu hataki kuiachia. Nilikaribia kumwonea huruma, kama yeye anavyonioneaga.

Nikasimama. Kanga nimeikaza kiunoni mara mbili. Nikawaambia ramani ya kwanza ni uongo na uongo huo ni wangu. Niliandika mimi kwa mkono wangu. Nikawatajia namba nilizoandika na namba nilizoona. Nikawaambia jiko la Hildegardi limekwenda kwa ajili yangu, na mkitaka kunizomea nizomeeni sasa, nitasubiri.

Hawakuzomea. Mzee mmoja nyuma akasema angalau yeye anajua kuandika, watu wakacheka kidogo.

Nazari hakucheka. Alizungumza kwa ile sauti yake. Alisema, "Shemeji, umekiri mwenyewe. Ziwa limekushinda, na sasa umewaponza wenzako. Hakuna aibu. Rudi kwenu."

Miaka ishirini na tano nimelijibu neno hilo kwa tofali, sikuwahi kulijibu kwa mdomo. Nilimwambia, "Shemeji, ziwa halijanishinda mimi peke yangu. Linakuja kwako pia, na wewe utarudi kwenu wapi?"

Kisha nikamalizia nilichokusudia. Nikasema nyumba kumi na moja zimo ndani ya mstari, na zote zikitafuta pa kwenda, pa kwenda ni pamoja tu, juu ya njia, ambako ni ardhi ya ukoo na imejaa vichaka kwa sababu tunaitunza kwa ajili ya wasiozaliwa. Hao wasiozaliwa watazaliwa wapi, majini? Nikasema mimi nitabomoa ya kwangu kwanza, kwa mikono yangu, tofali kwa tofali, kabla ziwa halijapata hata moja. Nilizifyatua mimi, ziwa siliachii. Zitakazotoka nzima ndizo nitakazojengea juu. Asiyenitaka juu ya njia asimame aseme hapa hapa, na aseme pia Hildegardi na watoto wake waende wapi, maana mimi na yeye tunakwenda pamoja.

Egidi akasimama, akasema na mimi. Hildegardi akasimama. Halafu wa kwaya, halafu wale wa upande wa mto, na mwisho kijana wa Nazari mwenyewe, Melkior, yule mwenye watoto wanne chumba kimoja. Alisimama hakumtazama baba yake.

Wamebishana mpaka jua limeshuka. Sitakudanganya kwamba Nazari amekubali, hajakubali. Aliondoka na fimbo yake bila kuaga. Ila halmashauri ya kijiji imepitisha na wazee wa ukoo wawili wametia dole gumba. Viwanja kumi na moja juu ya njia. Hata chake wamempimia, kipo kati ya cha kwangu na cha Melkior, kinamsubiri.

Najua una hasira bado, na unayo haki. Ukimwona mwalimu wako mwambie mama amesema samahani, na akitaka karatasi za kubandika nitaendelea kupima, ila kila mwezi sasa Egidi naye atatia sahihi, na Hildegardi atasoma futi, maana yeye hanionei haya hata kidogo. Kama hataki tena za kwangu ni sawa. Nitapima hivyo hivyo. Hili ziwa linakuja na mimi nataka nijue linapofika.

Uliniandikia huwezi kukaa unasubiri simu. Na mimi siwezi kukaa Mbinga nasubiri kufa kwenye kahawa ya kaka yangu. Nimeogopa, mwanangu, usidhani sikuogopa. Naogopa hata sasa, kila upepo wa kusini ukianza nanyanyuka. Lakini naogopea hapa hapa.

Bati nimeshashusha upande mmoja. Likizo ukija usije na gari, njoo na nguo chakavu. Mlango wa mbele ni mzito na nataka mtu wa kushika upande wa pili.

Siku ya kugawa viwanja karani alikuwa mgeni, ametokea wilayani, anaandika majina kwenye fomu. Akaniuliza jina, nikamtajia. Akaniuliza kabila, nikamwambia Mmatengo. Akaacha kuandika akanitazama, akasema mama, basi kwenu ni Mbinga huko juu, hapa niandike nini? Nazari alikuwa amesimama kando ya njia anasikia.

Nikamwambia andika Lipingo.

Mama yako,
Verediana,
wa Lipingo